Chama cha Nyota cha Springfield na Swali la Mwalimu Anayehamishwa

Mwanachuo anaporejea kutoka mazoezi ya kufundisha, sisi wakufunzi humwuliza habari za maandalio ya masomo, nidhamu ya darasa na matumizi ya ubao. Ni mara chache tunapomwuliza juu ya chama cha wanafunzi alichokianzisha, na ni mara chache zaidi tunapotaka kujua kama chama hicho kingali hai baada ya yeye kuondoka. Sababu ni kwamba jibu twalijua. Katika shule nyingi tulizozitembelea tumekuta daftari la mahudhurio la chama cha sayansi lililoishia ukurasa wa tatu, chombo cha kupimia mvua kilichogeuzwa kuwa kopo la maua, na pengine lenzi moja iliyopasuka. Tukiuliza twaambiwa kwamba alikuwapo mwalimu fulani aliyependa mambo hayo, akahamishwa.

Jambo hili limetusumbua kwa muda mrefu, nalo ndilo lililotufanya tuisome kwa makini historia ya chama kidogo cha wapenzi wa nyota kilichochipuka katika mji wa Springfield, jimbo la Vermont, Marekani, mwaka 1920. Hatukuisoma kwa ajili ya nyota peke yake, ingawa nyota nazo twazipenda. Tuliisoma kwa kuwa mwanzilishi wake aliondoka mwaka 1928, akaenda kuishi upande wa pili wa nchi yake, na chama hakikufa. Tulitaka kujua ni kitu gani alichokiacha nyuma ambacho wenzetu wengi waliohamishwa hawakukiacha.

Mwanzilishi huyo aliitwa Russell W. Porter. Alizaliwa Springfield mwaka 1871, akasomea usanifu wa majengo, kisha akatumia sehemu kubwa ya ujana wake katika misafara ya kwenda nchi za barafu za kaskazini. Katika msafara wa Ziegler, ulioanza mwaka 1903, meli yao ilivunjwa na barafu, nao wakakwama huko hadi walipookolewa mwaka 1905. Kazi mojawapo ya mtu wa namna yake katika safari hizo ilikuwa kupima mahali walipo kwa kutazama jua na nyota. Yamkini mtu aliyekaa mahali pasipo na njia, mti wala mlima anaoujua hupata heshima kwa nyota ambayo sisi tunaozitazama uani, tumekwisha kula chakula cha jioni, hatuwezi kuipata. Baadaye alikaa Port Clyde, kijiji cha pwani katika jimbo la Maine, na huko akajifunza mwenyewe kusaga vioo vya darubini. Mwaka 1919 alirudi Springfield kufanya kazi katika kiwanda cha Jones & Lamson.

Hapa hapana budi tuueleze mji wenyewe, kwa maana bila mji huo chama kisingalizaliwa jinsi kilivyozaliwa. Springfield ulikuwa mji wa viwanda vilivyounda mashine za kukerezea chuma, yaani mashine zitumiwazo na viwanda vingine kuundia vitu. Wafanyakazi wake walikuwa mafundi waliozoea kupima chuma kwa sehemu za elfu za inchi. Mkuu wa kiwanda hicho, James Hartness, alikuwa mvumbuzi mashuhuri wa mashine hizo, na kuanzia mwaka 1921 hadi 1923 alikuwa gavana wa jimbo. Naye pia alipenda nyota. Mwaka 1910 alikwisha kujenga nyumbani kwake darubini yenye lenzi ya inchi 10, ambayo mtazamaji wake alikaa ndani ya chumba chenye joto, kwa kuwa baridi ya Vermont wakati wa kipupwe si ya mzaha.

Hartness na Porter kwa pamoja waliunda kifaa cha kukagua parafujo. Nuru ilipitishwa kando ya parafujo, na kivuli cha hesi zake kikakuzwa mara nyingi juu ya ubao wenye mchoro wa hesi iliyo sahihi. Mkaguzi hakuhitaji kuwa na jicho kali. Kosa lililojificha katika chuma lilionekana wazi katika kivuli. Tunamwomba msomaji asikisahau kivuli hicho, tutakirudia.

Mwaka 1920 Porter alitangaza kwamba angewafundisha watu wa mji huo kuunda darubini zao wenyewe. Walijitokeza wanaume 15 na mwanamke mmoja, wengi wao wakiwa wafanyakazi wa kiwanda hicho. Watu hawa hawakuwa wataalamu wa elimu ya nyota. Tena darasa lao halikuwa darasa la kutazama nyota. Lilikuwa darasa la kusaga kioo. Mtu aliyetaka kuiona pete ya Zohari alipaswa kwanza kusimama mbele ya kigogo, na vipande viwili vya kioo na unga wa kusagia, akaanza kusukuma.

Wakati ule darubini nzuri iliyonunuliwa ilikuwa ghali kupita uwezo wa mfanyakazi wa kawaida. Makala ambayo Porter aliiandika mwaka 1921 katika gazeti la wapenzi wa nyota ilikuwa na kichwa chenye maana ya darubini ya mtu maskini. Hapo twaona alivyofikiri. Hakusema kwamba kwa kuwa hatuna fedha za darubini tutajifunza kwa picha. Alijiuliza ni darubini ya namna gani iwezayo kuundwa kwa mkono, akaona kwamba darubini ya lenzi huhitaji aina mbili za kioo safi na nyuso nne za kusaga, ilhali darubini ya kioo kinachorudisha nuru, ile iliyobuniwa na Isaac Newton mwaka 1668, huhitaji uso mmoja tu ulio kamili. Kioo chenyewe kinaweza kuwa na mapovu ndani, kwa sababu nuru haipiti ndani yake. Kumchagulia mwanafunzi kazi ngumu anayoiweza, badala ya kazi ngumu asiyoiweza, ni nusu ya ualimu.

Sasa tuieleze kazi yenyewe, maana wanachuo wengi hudhani ni uchawi. Huchukuliwa duara mbili za kioo kinene zenye kipenyo kimoja. Moja hufungwa juu ya kigogo au pipa. Juu yake hunyunyizwa maji na unga mgumu wa kaborandamu, na duara ya pili hulazwa juu. Mfanyakazi huisukuma ile ya juu mbele na nyuma, huizungusha kidogo mkononi, kisha husogea hatua moja kukizunguka kigogo. Hufanya hivyo tena na tena kwa saa nyingi. Polepole duara ya juu hubonyea katikati, na ile ya chini huinuka. Mtu akiuliza ni nani anayechonga umbo la tufe, jibu ni kwamba hakuna. Nyuso mbili zinazosuguana kila upande, kwa kila mwelekeo, haziwezi kuendelea kugusana mahali pote isipokuwa zote mbili ni vipande vya tufe. Umbo hujitokeza lenyewe kutokana na uvumilivu wa mkono. Tumewahi kulieleza jambo hili ubaoni kwa michoro mitatu, na halikueleweka. Tulipowapa wanachuo vioo viwili na maji, lilieleweka kabla ya kengele ya chai.

Kioo cha inchi 6, ukubwa uliopendwa na waanzaji wengi baadaye, hubonyea katikati kiasi cha milimita moja na robo hivi. Baada ya hapo unga hubadilishwa, ukafuata ulio laini zaidi, na mwingine laini kuliko huo, mpaka kioo kionekane kama kimefunikwa na ukungu mwembamba. Kisha hutengenezwa kitambaa cha lami juu ya ile duara ya chini, na kioo hung'arishwa juu yake kwa maji na unga mwekundu wa kutu ya chuma. Mwishowe uso hurekebishwa kutoka umbo la tufe uwe parabola, ili nuru yote ikutane mahali pamoja. Tofauti ya maumbo hayo mawili katika kioo cha ukubwa huo haifiki hata sehemu moja ya elfu ya milimita.

Mwanachuo atasema: mkono wa mtu wawezaje kuirekebisha tofauti ambayo hata jicho haliioni? Hapa ndipo kinapotujia tena kile kivuli. Mwaka 1858 Mfaransa Léon Foucault alibuni namna ya kukipima kioo kwa taa na wembe. Taa hufunikwa kwa bati lenye tundu dogo, ikawekwa mbele ya kioo kwa umbali ulio mara mbili ya ule ambapo nuru ya nyota hukutana. Nuru hurudi na kukusanyika karibu na tundu lile lile, na hapo wembe husogezwa polepole kuikata. Uso ukiwa tufe kamili, kioo kizima hufifia kwa wakati mmoja. Ukiwa na kilima au bonde, hata dogo kiasi gani, kivuli huonekana juu ya kioo kama vivuli vya vilima jua linapotua. Wembe, taa na bati huonyesha kosa la sehemu ya elfu kumi ya milimita. Katika mji ambao parafujo zilikaguliwa kwa kivuli, hapana shaka jambo hili halikuwa geni kwao.

Tarehe 7 Desemba 1923 wanafunzi hawa walijiunga rasmi kuwa chama, wakakiita Springfield Telescope Makers, na Porter akawa mwenyekiti wao. Tazama jina lenyewe: hawakujiita watazama nyota, bali waunda darubini. Katika muda huo huo walikuwa wakijenga kwa mikono yao nyumba ya mikutano katika kilima cha Breezy Hill, nje ya mji, juu ya ardhi ya Porter. Ilikamilika mwaka 1924. Waliipaka rangi ya waridi, wakaandika maneno ya Zaburi ya 19 mbele chini ya paa, wakaiita Stellafane, jina lenye maana ya hekalu la nyota.

Historia ingeweza kuishia hapo, kama zinavyoishia historia za vyama vingi vyema. Lakini Albert G. Ingalls, mhariri katika gazeti la Scientific American la New York, alikwisha kuyasoma maandishi ya Porter, akamwandikia, na mwaka 1925 akaenda mwenyewe kukitazama kilima hicho. Makala yake ilitolewa Novemba mwaka huo. Wasomaji wengi waliandika wakitaka kujua nao wafanyeje, ndipo mapema mwaka 1926 Porter akaandika maelezo ya kazi hatua kwa hatua. Maelezo hayo yakaunganishwa na mengine kuwa kitabu mwaka huo huo. Tarehe 3 na 4 Julai 1926 chama kiliwaalika waunda darubini wa mahali pengine kuja Stellafane, kila mmoja na chombo chake alichokiunda, ili waonyeshane na kuulizana. Mkutano wa namna hiyo unaendelea kufanyika huko hadi leo.

Twarudi sasa katika swali letu. Mwishoni mwa mwaka 1928 Porter aliitwa California na George Ellery Hale kusaidia katika usanifu wa darubini kubwa ya inchi 200 ya mlima Palomar. Michoro aliyoichora ya darubini hiyo, ikionyesha sehemu za ndani kana kwamba chuma kimekatwa kwa kisu, ingali ikistaajabiwa. Darubini ilizinduliwa mwaka 1948, na Porter alifariki mwaka uliofuata. Kwa lugha yetu, alihamishwa. Kule Springfield wenzake waliendelea kusaga vioo na kuwaalika wageni.

Wako watakaosema kwamba siri ilikuwa kiwanda. Walikuwa na mashine, na mishahara, na mkuu wa kazi aliyependa nyota mwenyewe. Hatuwezi kulikataa jambo hilo, na mwanachuo atakayeondoka hapa akidhani kwamba shule ya kijijini yaweza kuiga Springfield kwa kila kitu atapata taabu bure. Hata hivyo kiwanda hakitoshi kueleza. Miji yenye viwanda ilikuwa mingi. Sisi twaona sababu iko katika lile darasa la kwanza. Kila mtu aliyepita darasa lile alikuwa na kioo alichokisaga mwenyewe, na alijua jinsi ya kukisaga kingine. Elimu haikukaa kwa Porter peke yake kama maji katika mtungi mmoja. Alipoondoka, kila mmoja wao aliweza kumpokea mgeni na kumwonyesha mahali pa kusimama mbele ya kigogo. Tena mambo yalikwisha kuandikwa, na si kwa ajili ya wataalamu. Katika vyama vyetu vya shule mara nyingi mwalimu ndiye anayejua, ndiye anayeshika vifaa, ndiye anayeonyesha, watoto hutazama. Wakitazama sana huitwa chama hai. Mwalimu akihamishwa huondoka na chama katika sanduku lake.

Sisi tulitaka kuona kama jambo hili laweza kujaribiwa hapa kwetu, walau kwa kiasi. Tulimwendea fundi wa vioo mjini, akatukatia duara za sentimita 10 kutoka kioo cha meza cha unene wa milimita 12. Kaborandamu safi hatukuipata kwa urahisi, bali katika maduka ya vipuri vya magari huuzwa dawa ya kusagia valvu za injini, ambayo huwa na unga wa namna hiyo ndani ya grisi. Ilitubidi kuiosha grisi kwa mafuta ya taa na sabuni, kazi ambayo wanachuo hawakuipenda hata kidogo. Kopo lilitobolewa kwa msumari, tochi ikawekwa ndani, na wembe ukabandikwa kwenye kipande cha ubao. Kwa kuwa vioo vyetu vilikuwa vidogo na nuru yake hukutana mbali, kiasi cha mita moja, havikuhitaji kurekebishwa kuwa parabola, tufe latosha. Tunalitaja hili kwa ajili ya atakayejaribu, asije akajitesa bila sababu.

Kazi ilichukua wiki nyingi kuliko tulivyowaambia wenzetu, nasi tuliulizwa, kwa haki kabisa, kama muda huo usingetumika vema zaidi kwa marudio ya mtihani. Swali hilo lilipata uzito siku moja ambapo mwanachuo mmoja, binti mtulivu ambaye hakuwa na kawaida ya kulalamika, alikuta mkwaruzo mrefu katika kioo chake akiwa katika unga wa mwisho. Punje moja ya unga mkali ilibaki katika kitambaa kilichokuwa kikitumiwa na watu wawili. Ilimpasa arudi nyuma hatua mbili. Alisimama kimya, kisha akatuuliza, "Mwalimu, hiki kioo kina alama ngapi katika mtihani?" Tulimjibu kwamba hakina hata moja. Alitutazama, akaenda kukaa nje kwenye ngazi.

Tulidhani hatarudi. Kesho yake alirudi na kitambaa chake mwenyewe, na beseni lake mwenyewe, akaweka kamba sakafuni: upande huu unga mkali, upande huu unga laini, na asiyenawa haruki kamba. Hatukuwa tumemwagiza. Wanachuo wenzake walimcheka siku mbili, siku ya tatu wakaanza kunawa. Sisi tulikuwa tumelisema jambo la usafi mara nyingi, na hata limeandikwa ukutani, lakini sheria iliyotungwa na mtu aliyeumia ilishikwa kuliko yetu. Walipokuja wanachuo wa mwaka uliofuata, yeye na wenzake wawili ndio waliowafundisha, nasi tuliketi nyuma. Alieleza kwa maneno machache kuliko yetu, na baadhi ya maneno hayo hatukuyapenda, lakini mikono ya wanafunzi wake ilikwenda sawasawa.

Kuhusu kumpaka kioo fedha au alumini, hilo hatukuliweza. Huko Springfield walitumia dawa za fedha, ambazo ni za hatari kwa asiyezijua vema, na alumini huhitaji mtambo wa kuondolea hewa. Lakini kioo kitupu kilichong'arishwa hurudisha kiasi cha asilimia 4 ya nuru, na Mwezi una nuru ya kutosha kugawa. Usiku wa mwezi wa siku saba kioo cha binti yule kilifungwa mwishoni mwa sanduku refu la mbao, pamoja na kipande cha kioo bapa na lenzi iliyotolewa katika darubini mbovu ya mikono miwili. Wanachuo walipanga foleni. Pale mwanga unapokutana na giza milima ilionekana ikitoa vivuli virefu, na wengine waliomba kurudi nyuma ya foleni ili watazame tena. Mwanachuo mmoja aliyefundisha mada ya mfumo wa jua wakati wa mazoezi alituambia kwamba alikwisha kuwaandikisha watoto ubaoni kuwa Mwezi una mabonde na milima, lakini yeye mwenyewe hakuwa ameyasadiki.

Hatusemi kwamba watoto wa shule ya msingi wasage vioo. Mikono yao ni midogo, na unga ule si wa kuchezea. Kwa mtoto wa Darasa la Tano fimbo iliyosimikwa uani yatosha kabisa: kivuli chake cha adhuhuri kipimwe kila wiki, na mwaka haujaisha watakuwa wamegundua wenyewe jambo ambalo vitabu huliweka katika mstari mmoja. Kwa walio karibu na ikweta kivuli hicho huhamia upande wa pili wa fimbo katika majira fulani, na watoto hushangaa sana siku wanapoliona. Kilimia nacho, ambacho wazee wa wakulima hukijua, chaweza kuandikwa katika daftari siku kinapoonekana mara ya kwanza alfajiri. Lililo la lazima ni kwamba fimbo wasimike wao, daftari washike wao, na mtoto wa Darasa la Sita amfundishe wa Darasa la Nne kabla mwalimu hajafungasha mizigo. Mwalimu ajitahidi kutokuwapo siku moja moja angali yupo, aone kinachofanyika.

Tunaongeza jambo moja ambalo wasomaji wetu wa kike watakuwa wamekwisha kuliona. Katika lile darasa la Springfield mwanamke alikuwa mmoja tu. Katika mji wa viwanda wa mwaka ule hilo halikumshangaza mtu, na kwa sababu hiyo hiyo yapasa lishangaze sasa. Katika kundi letu waliomaliza vioo wengi walikuwa wanawake, na hatuoni sababu nyingine isipokuwa kwamba hawakuwa na haraka ya kuona.

Kwa yule atakayetaka kuanza, haya ni ya kuangaliwa. Kioo kisagwe kikiwa na maji sikuzote, kwani vumbi lake likikauka na kuvutwa puani hudhuru mapafu. Kingo za duara zisuguliwe kwanza kwa jiwe la kunolea, la sivyo zitamegeka na vipande vitakwaruza uso. Jua lisitazamwe kamwe kupitia kioo hiki, hata kama hakikupakwa kitu; tarehe 1 Septemba 2016 Jua lilipopatwa na kuonekana kama pete huko Rujewa, mkoani Mbeya, waliotazama kwa usalama walitumia miwani maalumu, au waliitazama picha ya Jua juu ya karatasi kupitia tundu la sindano. Na kioo kilichokwisha kupakwa fedha au alumini kisiachwe wazi mchana karibu na dirisha. Hukusanya nuru ya Jua mahali pamoja, na pazia laweza kushika moto huku mwenye kioo yuko darasani akifundisha.